Mashine ya Mama na Mkono wa Baba

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Mpendwa kaka,

Habari za huko na baridi yake? Shemeji hajambo? Wanangu wanaendeleaje na shule? Sisi tupo, tunajikongoja. Mama bado anapumua kwa shida, na mimi nimechoka hoi.

Ile mashine uliyotutumia ya kumsaidia Mama kupumua usingizini inafanya kazi. Tatizo lilikuwa moja: kila asubuhi faili ambamo mashine huandika pumzi zake za usiku lilikataa kufunguka. Daktari alisema bila kumbukumbu hizo hawezi kujua hali ya Mama inaelekea wapi, na hatabadilisha dawa kwa kubahatisha.

Unanijua nilivyo. Fundi wa mashine za hospitali, nimpelekee mtu mwingine mashine ya mama yangu? Chipu ya kumbukumbu imechomelewa humo ndani, haitoki, kwa hiyo nilifuta kila kitu, nikaipanga upya, nikabadilisha programu, nikawatukana walioiunda. Karakanani iliandika bila kosa. Ikirudi nyumbani, faili bovu. Siku moja nililia kabisa.

Jana asubuhi nikakaa na Mama na Baba chumbani mwao. Mama akavua barakoa, na kabla hajashusha miguu kitandani, Baba akachomoa waya ukutani. Si unamjua Baba na umeme: hata redio huichomoa taarifa ya habari haijaisha. Nikamweleza kwamba mashine huhitaji muda kidogo kumalizia kuandika, na ikikatiwa umeme ghafla, faili huharibika.

"Kwani inamwandikia nani," akauliza, "na mama yako keshaamka?"

Sikujua nicheke au nimrukie. Leo alisubiri taa ya kijani izimike, mkono uko kwenye plagi, ananung'unika. Faili likafunguka.

Ningependa barua iishie hapo, kaka. Nimelisoma. Mama anaacha kupumua mara nyingi usiku, hata mashine ikimsukumia hewa, na kimya chake kinarefuka kuelekea alfajiri. Nimempigia daktari, anataka alazwe kesho. Baba anawaambia majirani kwamba mashine imepona. Sina nguvu ya kumweleza.

Msalimie shemeji, uwabusu wanangu. Mungu awafunike kwa rehema zake, akufungulie na njia.

Mama anakusalimu sana. Amesema nisikusumbue, una kazi nyingi. Mimi nakusumbua. Njoo.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wenu