Maji ya Masanja Juu ya Jiwe la Michembe

Alhamisi, mwezi wa tisa. Kiangazi.

Jua la leo halikuwa na adabu. Saa nne asubuhi lilishakaa utosini, na ziwa limelala bila upepo kama ng'ombe mgonjwa. Nina uchungu. Naanza na hilo nisije nikazungukazunguka.

Leo nimemwaibisha mwanangu, na sikutamka neno hata moja.

Niseme kwa mpangilio. Mimi napika gongo. Sijawahi kuficha. Serikali inaiita haramu, padri anaiita dhambi, na wote wawili wana watu wao wanaokuja kwangu na chupa Jumamosi. Mume wangu alipokufa aliniachia watoto watatu na mtambo: pipa la kuchemshia na mrija wa shaba, basi. Watoto wamekulia kwenye mtambo huo.

Kazi ya gongo si moto. Moto kila mtu anawasha. Kazi ni baridi. Mvuke ukitoka kwenye pipa unapita kwenye mrija, na mrija lazima ulale kwenye maji ya baridi, ndipo mvuke ugeuke matone. Maji yakipata moto, mvuke unapita moja kwa moja kwenda zake mbinguni, na wewe unabaki umekaa na chupa tupu. Miaka yote niliulaza mrija ziwani kwenyewe, kule chini kwenye matete. Ziwa halipati moto, hata upike mwezi mzima.

Sasa wamekuja wenye kiwanda cha minofu ya samaki. Wamezungusha seng'enge kuanzia kwenye matete mpaka kwenye miamba, na mlinzi wamemweka. Kijana wa watu alinisalimu vizuri, "Shikamoo bibi," halafu akaniambia nirudi nilikotoka. Nikamwambia marahaba, na nilikotoka ni hapahapa. Hakucheka. Wanasema siku hizi ni soko huria. Huria ya nani, mbona mimi nimefungiwa? Upande uliobaki umejaa magugu maji, hata kata huwezi kutumbukiza.

Kwa hiyo maji tunachota kisimani kwa jirani yangu Nyanzala, kule juu, ndoo moja moja kichwani. Maji ya namna hiyo huyatumii mara moja ukayamwaga. Lazima yazunguke: yapoe, yarudi, yafanye kazi tena.

Hapo ndipo alipoingia Masanja.

Masanja ni kitindamimba wangu. Alifanya kazi kiwanda cha nguo, upande wa boila, tangu ndevu hazijamkaa vizuri. Mwaka jana walimwita ofisini wakampa karatasi. Amepunguzwa. Ndivyo wanavyosema, kupunguzwa, kama chumvi kwenye mboga. Mkewe akachukua watoto akaenda kwao Misungwi mpaka mambo yakae sawa, na Masanja akarudi kwangu na sanduku lake la spana. Mwaka mzima amekaa kwenye kigoda ameegemea ukuta. Ndiyo mama. Hapana mama. Mtu mzima, mwenye mikono kama ile.

Wiki iliyopita nikawa nalalamika juu ya maji, kama kawaida yangu. Akainua kichwa.

"Mama, kiwandani maji ya moto hatukuyamwaga. Tuliyapandisha kwenye mnara wa mbao, yanashuka yamesambaa kama mvua, yakifika chini yamepoa. Tunaanza upya."

"Na mimi mnara naupata wapi?"

"Una jiwe."

Jiwe ninalo. Mwanza ukikosa vyote, mawe hukosi. Nyuma ya nyumba yangu kuna moja pana, limelala kwa mteremko kama paa. Akapanga hivi: pipa la maji, lenye mrija ndani yake, likae juu ya jiwe. Maji yakipata moto yatoke kwa bomba, yasambae juu ya jiwe, yashuke mpaka kwenye karai chini, na sisi tuyarudishe juu kwa ndoo. Siku nne alifanya kazi hiyo. Alikata, akatoboa, akaziba. Akapiga mluzi. Alipiga mluzi, jamani! Akatuma salamu Misungwi kwamba waanze kufunga mizigo.

Na mimi lile jiwe nalijua.

Lile ndilo jiwe ninaloanikia michembe. Viazi nikivikata asubuhi nikavitandaza pale, keshokutwa vinagongana kama vigae. Saa sita mchana hata kuku hakanyagi. Na mchana ndio wakati wetu wa kupika, maana usiku walinzi wa sungusungu wanazunguka na moto unaonekana kutoka mbali, lakini mchana wamelala. Nilijua kabla Masanja hajamaliza kusema. Kinywa changu hiki, kilichomwambia padri mbele ya watu kwamba mahubiri yake marefu yanaunguza ugali wa wenzake majumbani, kikanyamaza. Nikajiambia, mwache, amefurahi. Labda upepo utavuma.

Haukuvuma.

Leo tukapika. Masanja aliwaalika wenzake wawili waliopunguzwa naye, waje waone. Nyanzala naye akaja, ambaye hakualikwa na mtu. Matone ya mwanzo yalitoka mazuri, ya baridi. Masanja akanipa nionje kwanza, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Kisha maji yakapata moto, akafungua bomba, yakasambaa juu ya jiwe.

Jiwe zima likafuka mvuke. Nusu ya maji ilinywewa na jua njiani. Yaliyofika kwenye karai nilitia kidole, nikakitoa haraka. Hayakuwa yamepoa. Tukayarudisha juu, yakashuka tena. Kila mzunguko ni ya moto zaidi na ni machache zaidi. Mwishowe mdomo wa mrija ukaacha kudondosha, ukaanza kupumua kama pua ya ng'ombe asubuhi ya baridi.

Nyanzala akashika kiuno. "Masanja baba, mnapika gongo hapa au mnachemsha maji ya kumkanda mzazi?"

Wale wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache, hata boila letu lilianza hivihivi likafunga kiwanda." Wakacheka tena, wakampigapiga begani, wakaondoka bila kuonja.

Pombe ya wiki mbili, yote imepaa. Hiyo haikuniuma.

Masanja alivua kandambili, akapanda jiwe, akainama akaweka kiganja. Akakiacha pale mpaka nikataka kwenda kumvuta. Kisha akanitazama.

"Mama. Hapa si ndipo unapoanika michembe?"

"Ndipo."

"Tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa."

"Kwa hiyo ulijua."

Nikaliinamia karai, nikaanza kuchota maji yaliyobaki.

"Kiwandani walinipunguza kwa karatasi," akasema, sauti ya chini, na heshima zake zote. "Wewe umenipunguza kwa huruma."

Bora angelipiga teke pipa langu.

Sasa jua linazama na yeye yuko uani anafuta spana moja moja, anazipanga kwenye sanduku. Nimemsikia akimuuliza Nyanzala magari ya Geita yanaondokea wapi siku hizi. Nani asiyejua kinachofanyika Geita? Wanaume wazima wanashuka kwenye mashimo ya dhahabu kwa kamba, na wengine kamba ndiyo inayorudi peke yake.

Nimekaa hapa nimewalaani wote. Wenye seng'enge, wenye kiwanda, wanaouza nchi wakisema wanaifungua. Wanastahili. Lakini wale walimwambia Masanja usoni kwamba hawamtaki. Mimi niliyemzaa nilimtazama siku nne akijenga kitu kisichofaa, nikamchekea, nikamletea uji. Kama mgonjwa.

Alipokuwa mdogo alipoteza mbuzi wawili, nikamfokea mpaka ng'ambo ya ghuba wakasikia. Kesho yake hakupotea hata mmoja. Niliacha lini kumfokea? Naijua siku yenyewe. Ni siku aliyoingia na lile sanduku. Nikadhani huo ndio upendo. Ulikuwa woga. Niliogopa nikimkasirisha ataondoka, na sasa anaondoka kwa sababu sikumkasirisha.

Giza linaingia, na herufi zangu hizi, nilizozipata ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima maana shule sikuwahi kuiona, zinaanza kupandana. Nimalize.

Asubuhi, kabla hajafunga kamba ya sanduku, nitasimama mlangoni na mwili wangu huu wote, apite kama anaweza. Nitamuuliza ni mjinga gani anayepoza maji juani, wakati hapohapo nyuma ya nyumba, kwenye ufa kati ya mawe mawili makubwa, jua halijawahi kuingia, na hata siku kama ya leo kuna kaupepo. Nitamwambia pipa la maji lihamie huko, na jiwe aniachie michembe yangu. Nitamwambia nilijua na nilinyamaza, na kwamba kunyamaza kwangu ndiko ujinga mkubwa kuliko wake. Nitasema kwa sauti, Nyanzala asikie. Akiondoka, ataondoka amefokewa na mama yake kama mtu mzima mwenye akili zake. Akibaki, kuna ndoo za kubeba, na asingoje shukrani.

Na lile bomba lake limekaa kombo. Nimeliona tangu siku ya pili.

Kesho atalisikia na hilo.