Mashimo Mawili ya Migato

Kolombo, Seilani, 1957

Mdogo wangu Masanja,

"Watu wasiomjua Mungu hawawezi kuungana. Umoja wa hao Wabudha wako ni wa kuku na mwewe." Umeandika hivyo, katekista mzima, katika barua ileile unamonieleza kwamba Wakatoliki wa Migato mmechimba lambo lenu, Waprotestanti wakachimba lao hatua kumi pembeni, na mvua ya kwanza imebomoa matuta ya yote mawili.

Mwangaluka, basi. Mimi ni mzima. Mama je? Usinijibu kwamba hajambo, maana umeshaniambia anawapeleka ndama mtoni kufukua maji mchangani, na wawili wamekufa njiani.

Sasa nisikilize. Tangu nitoke jeshini vita vilipokwisha, nikabaki huku, nafanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa, na mwaka wa 1950 tulichapa karatasi za mkutano ulioanzisha umoja huo unaoucheka. Wajumbe walitoka nchi nyingi, kila mmoja na desturi yake. Watawa wa hapa hawali chakula baada ya saa sita mchana, na wageni wengine walikula jioni bila haya. Watawa wa hapa hawaoi, na wa Japani wamo wenye wake na watoto. Msimamizi wangu Piyadasa, Mbudha tangu kuzaliwa, alizitupa karatasi mezani.

"Mtawa mwenye mke? Huyo ni baba mkwe wa mtu."

"Basi msimkaribishe," nikamwambia.

"Nani kasema? Chakula chake cha jioni nitakipika mimi."

Mkutano ulipokwisha nikamuuliza kama wamepatana. "Juu ya wake? Hata kidogo. Tumepatana kukutana tena."

Na wamekutana: Japani, Burma, mwaka jana Nepali. Wenye wake wangali na wake zao, wasiokula jioni wangali na njaa yao. Hakuna aliyemmeza mwenzake.

Ninyi mna Kristo mmoja na ng'ombe wenye kiu ileile, mkagombania nani aombe kabla jembe halijagusa ardhi. Wacheza ngoma wetu, Bagika na Bagalu, hutukanana kwa nyimbo kutwa nzima, jioni wakanywesha ng'ombe kwenye kisima kimoja. Wala usijifiche nyuma ya padri. Padri hana ndama.

Msalimie mama, mkeo, na shangazi wa Nyashimo. Kisha mpelekee barua hii shemeji Ndaki, mume wa dada yetu, kwa kuwa yeye ndiye mzee wa kanisa upande wa pili, na kosa lake ni sawa na lako.

Masanja, na wewe shemeji Ndaki: kila mtu aombe nyumbani kwake, kisha njooni na majembe mwondoe udongo ulio kati ya mashimo yenu, liwe lambo moja kabla ya masika. Jibu nalitaka kwenye karatasi moja, lenye sahihi zenu wote wawili.

Kaka yenu,
Maduhu