Ramani Niliyomchorea Mgeni

Jumamosi

Ujinga wangu! Nani alinituma kuchora ramani?

Mgeni wetu kutoka Meksiko, mwalimu wa usanifu majengo, alifurahi sana. Tulizunguka kwa baiskeli tangu asubuhi, tukatazama roshani za maduka waliyoyaacha Wahindi walipofukuzwa nchini, tukala matoke kwa mchuzi wa karanga mtaani Kisenyi. Kila kituo nilikuwa nimekitia msalaba mwekundu kwenye ramani.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alilipekua daftari lake, akaikuta ramani. "Hii alama ya nini?"

"Ya chakula, afande," nikajibu.

Akacheka, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. "Haya, piteni."

Mgeni anasema tushukuru. Yeye kesho anapanda ndege.

Msalaba wa mwisho uko Kisugu. Pembeni niliandika: "Kwangu. Hapa tutakunywa chai."