Duka la Nateete na Bei za Kola

Baba yangu mpendwa, msumbufu wangu,

Leo nimewapa watoto ninaowafundisha darasa la saba kazi ya kwenda madukani kuulizia bei za vitu vya sikukuu, na nimerudi nyumbani nimekasirika. Si kosa lao. Nimekukasirikia wewe, na kwa kuwa huko uliko huwezi kunikatiza, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Unalikumbuka duka la Nateete? Wahindi walikuwa wamefukuzwa nchini, serikali ya wanajeshi ikagawa maduka yao, na wewe, sajini ambaye hujawahi kuuza hata kiberiti, ukapewa duka la nguo. Ulifurahi jamani! Ulisimama nyuma ya kaunta na magwanda yako, mikono mgongoni, ukiyakagua mashati kama askari wa gwaride.

Mwezi ule wa Ramadhani, Mwalimu Barasa, yule Mkenya aliyetufundisha hesabu shuleni kwetu karibu na Lubaga, alitupa kazi. Kila mtoto aende dukani, achague vitu vya sikukuu ya kwao, aulize bei ya kununulia na bei ya kuuzia, kisha atafute faida au hasara. "Hesabu haikai ubaoni tu," alisema, "iko kwenye kikapu cha mama yako." Mimi nikaona nimepata bwerere. Nyumbani tulikuwa na Idd yako na Krismasi ya Mama, na duka tunalo wenyewe.

Nikakuuliza shati jeupe la Idd ni bei gani. Ukageuza kola, ukasoma: "Kumi na tano." Na hili lingine? "Kumi na sita." Bwana mmoja mwenye shingo nene akalipa kumi na saba kwa shati lilelile ambalo mdogo wake mwembamba alilipia kumi na nne. Nikakunong'oneza, "Baba, hiyo ni saizi ya shingo."

"Wewe nafikiri mimi sijui soma?" ukanifokea mbele ya wateja, kwa Kiswahili chako cha kambini. "Mhindi mwenyewe naandika bei hapa. Toka!"

Nikatoka, lakini nilikuwa nimekwisha kuziona ankara za mwenye duka wa zamani kwenye droo. Shati lile la kumi na tano lilikuwa limenunuliwa kwa shilingi thelathini. Nikapiga hesabu: hasara, asilimia hamsini. Juu nikaandika wazi kabisa "duka la baba", mtoto mjinga mimi. Mwalimu akaweka vema kwa wino mwekundu, na chini yake akaandika: "Sahihi kabisa. Mwonyeshe baba yako."

Nikakuonyesha. Ulikaa na daftari lile muda mrefu ukipitisha kidole kwenye kila mstari. Hukufoka. Asubuhi ukasema unakwenda shuleni kumwona mwalimu. Nilikuomba, Baba, nilikushika mkono kabisa: "Vaa kanzu." Siku zile mtu wa magwanda akikufuata kazini, jamaa zako walianza kulia kabla hajashuka kwenye gari. Ulilijua hilo kuliko mimi. Ukajibu, "Bila hii nguo nani naheshimu mimi?"

Landrova ikasimama katikati ya uwanja wa shule. Ukashuka na bastola kiunoni na daftari langu mkononi. Mwalimu Barasa alikuwa ubaoni. Alichungulia nje, akaona gwanda, akaona daftari, chaki ikamdondoka. Akapitia dirisha la nyuma. Mwanaume mzima, na koti lake akaliacha kwenye kiti! Wenzangu wengine walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Ukaingia: "Mwalimu iko wapi?" Ukakaa kwenye kiti chake, ukamngoja mpaka kengele ya mapumziko. Baadaye tulisikia kwamba alivuka mpaka siku ileile, akarudi kwao.

Ulipokuwa unanirudisha nyumbani ndipo ukasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako: "Mimi nataka tu yeye nafundisha mimi hii faida na hasara." Kufundishwa! Ulikwenda kuomba kufundishwa na bastola kiunoni! Mpaka leo nikikumbuka natamani kupiga meza.

Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa wiki chache mbele, na hatukupata mwalimu mwingine wa hesabu. Nilifeli, mimi niliyekuwa wa kwanza kila muhula. Nikarudia mwaka mzima nikikaa na watoto walionifika begani. Na wewe ukawa unawaambia rafiki zako kwamba walimu wa Kenya ni waoga. Hata siku moja hukusema, "Mwanangu, nilikosea." Ningekusamehe mengi kwa maneno hayo mawili matatu.

Sasa nikwambie na langu, maana sitaki kukusema wewe tu. Baada ya Krismasi, rafu za duka zikiwa tupu na huna cha kununulia mzigo mwingine, ulinifuata jikoni na daftari lilelile. Ukavuta kigoda, ukakaa chini yangu, wewe baba yangu. "Basi wewe fundisha mimi," ulisema. "Wewe najua."

Nikakutazama, nikasema, "Mimi sijui. Anayejua alikimbia."

Ukainuka polepole, ukarudisha kigoda mahali pake, ukatoka. Hukuniomba tena. Miaka ikapita, serikali ile ikaanguka, ukakimbilia kaskazini, ukafia ng'ambo ya mpaka. Nimewafundisha watoto wa watu asilimia mpaka sauti inakauka, hata wale wagumu kabisa, na siwakatii tamaa. Wewe nilijua kukufundisha, Baba. Ingetosha mchana mmoja tu. Nilikunyima makusudi, na nilipokuona unatoka na daftari lile, nikaona raha.

Pumzika huko.

Ni mimi, binti yako mkubwa.