Sufiani Mtoro, Uliyeandikiwa Mwendo Kasi

Leo umetimia mwaka, Sufiani, tangu utoke asubuhi na kirikuu yako, kigari cha mizigo kilichojaa chumvi na nazi, na mimi dada yako bado nimeduwaa. Watu wananiambia mwaka ni mwingi, nimeshazoea. Sijazoea chochote. Nikisikia honi mbili fupi nje nainuka kwenda kukufungulia geti, halafu nasimama katikati ya ua nikijiuliza nakwenda wapi.

Tulikucheka sana kwa uendeshaji wako. Kutoka Makofia mpaka Msata walikuita Bwana Harusi, kwa kuwa ulikwenda kama gari lililobeba biharusi na matarumbeta yanafuata nyuma. Baiskeli za mkaa zilikupita. Mzee Rajabu, jirani yetu, alikataa lifti yako mbele za watu, akasema anataka kufika Miono angali hai. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa, ukamwambia, "Mzee, chumvi haiozi."

Hukuwahi kumpita mtu unayemjua bila kusimama. Ulizima gari, ukauliza hali ya mama, ya watoto, ya mguu uliokuwa ukiuma mwezi uliopita. Mjamzito wa kwenda kliniki alikaa mbele, na kama Mardhiya mkeo alikuwa naye safarini, alihamia nyuma kwenye nazi na hakununa. Nyinyi wawili mlikuwa mnanishangaza.

Na misiba! Hakuna msiba mtaani kwetu ambao hukuufikishia nazi. Ulikuwa hutumwi. Ukisikia fulani kafariki unageuza gari, unashusha nazi na chumvi uani, unaingia kusoma Yasini na wenzio, unaondoka. Siku ya msiba wako, saa sita mchana, Samia aliyesimamia mapishi akaja kuniuliza, "Da Mwaija, nazi ziko wapi?" Nikamjibu bila kufikiri, "Ngoja, Sufiani analeta." Jiko zima likanigeukia. Nilikuwa nimeshika upawa, na sikujua niuweke wapi.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, jua limetoka na barabara kavu. Ulikuwa unakwenda Miono, Mardhiya kando yako, anakwenda kumwona mama yake. Simu ikaingia kwa namba nisiyoijua. Mtu akaniuliza, "Wewe ni nani wake Bwana Harusi?" Nikamtukana, nikidhani ni utani. Akasema, "Mama, njooni Kiwangwa." Mpaka leo namwomba radhi mtu yule, na sijui hata jina lake.

Mligongana na gari dogo jeupe, uso kwa uso. Dereva wake alivunjika mguu. Mardhiya alivunjika mkono. Wewe ulifia palepale, na tukakuzika siku ileile baada ya alasiri.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelibeba mwaka mzima, na leo nalisema hadharani watu wasikie. Unanijua mimi. Tangu utoto nikishika jambo silegezi, na mama alikuwa akisema nyumba yenye Mwaija haihitaji komeo. Mardhiya aliporudi kutoka hospitali mkono umefungwa hogo, ile plasta ngumu, nilimvisha nguo nyeupe, nikamweka chumbani aanze eda, nami nikatandika mkeka mlangoni. Nilisema mke wa Sufiani atakaa eda ya heshima, isiyotiwa doa na mtu.

Siku ya tatu, siku ya khitma, walikuja wanawake wanne wauza mananasi wa pale Kiwangwa. Hatukuwajua. Mmoja, Swaumu, alikuwa na mtoto mgongoni. Akanishika mkono akaanza, "Dada, sisi siku ile tulikuwa palepale barabarani, na tuliona..." Nikamkatiza. Nikamwambia hapa hatusimulii ajali, mfiwa yuko ndani anasikia, kaeni msome. Wakakaa. Wakasoma, wakala, wakaondoka na neno lao moyoni.

Siku ya tano akaja trafiki, kijana mwenye adabu zake, kofia kaishika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usivuke hapo."

"Nimekuja kuchukua maelezo ya mama aliyekuwa ndani ya kirikuu. Ndiye pekee aliyekuwa na marehemu."

"Yuko edani. Hasemi na mwanamume wa nje."

"Nitakaa nyuma ya pazia, mama. Au nikuletee mwenzangu wa kike?"

"Hata wa kike. Mwenye eda haingizwi kwenye mambo ya serikali. Njooni baada ya miezi minne na siku kumi."

"Jalada haliwezi kukaa tupu miezi minne, mama."

"Basi andikeni mnachokijua."

Kwa mdomo wangu huu, Sufiani. Na Mardhiya akaita kutoka ndani, "Wifi, mwache aingie, nataka kusema." Nikamjibu, "Wewe tulia, una eda." Yule kijana alirudi wiki iliyofuata na askari wa kike kama alivyoahidi. Nikawapa chai na vitumbua, nikawasindikiza mpaka getini. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Arobaini yako ilipofika walikuja watu wa yule dereva. Baba yake, mtu mzima, amevaa kanzu safi, akaomba nafasi aseme. Akasema, "Sisi kwa upande wetu tumekwisha kumsamehe marehemu." Nikadhani ulimi umemteleza, alitaka kuomba msamaha maneno yakamgeukia. Nikamwitikia, "Allah awalipe kheri," nikamwongeza chai.

Eda ilipokwisha, Mardhiya na binti yako Lulu walikwenda polisi kuomba karatasi ya ajali kwa ajili ya mirathi. Wakarudi, Lulu ameishika karatasi mbali na mwili wake. Nikamwambia soma. Akasoma kwamba chanzo cha ajali ni dereva wa kirikuu, ambaye ni marehemu, kuhama upande wake na kulifuata gari jingine upande wa pili, na kwamba kwa maelezo ya dereva mwenzake, kirikuu ilikuwa katika mwendo kasi.

Nilicheka. Wallahi nilicheka, Sufiani. Wewe, mwendo kasi? Nikamwambia Lulu arudie, labda amechukua karatasi ya mtu mwingine. Akarudia, na jina lako lilikuwepo pale, Sufiani Mtoro, miaka arobaini na tisa, mkazi wa Bagamoyo. Ndipo nikamkumbuka yule mzee wa kanzu safi. Ulimi wake haukuwa umeteleza hata kidogo. Walikuwa wamekuja kukusamehe, nami nikawapa chai!

Nikakaa chini kwenye sakafu. Mardhiya alinitazama, wala hakupandisha sauti. Akasema, "Wifi, nilikuambia nataka kusema."

Mtaani habari zikatangulia, kama kawaida. Mwanao Abdulrazak alirudi kutoka msikitini akiwa amevimba uso kwa hasira, kijana mwenzake kamwambia kumbe Bwana Harusi ndiye aliyesababisha ajali, tena alijiua mwenyewe. Hakula siku ile. Mimi nilikuwa nimekufungulia njia ya kusemwa hivyo, na nilikuwa siwezi kumtazama mtoto wako usoni.

Nikaenda kwa Shekhe Ridhiwani, nikitegemea atanitetea. Loo! Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwaija, nani aliyekufundisha kuwa mwenye eda hatoi ushahidi? Mwenye haja hutoka mchana akarudi kulala nyumbani kwake. Na lile hogo mlikwenda kulifungulia wapi, sebuleni kwako?" Kweli tupu. Tulimpeleka Mardhiya hospitali mara tatu ndani ya eda, na mara zote tulipita mbele ya kituo cha polisi. Mkono nilikubali ni dharura. Jina lako sikuliona kuwa dharura.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kumtafuta yule trafiki. Alinikumbuka. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekufukuza. Mke wa marehemu nimemleta, yuko hapo nje." Hakunisimanga. Alivuta kiti kwa ajili ya Mardhiya, na mimi nikaambiwa nisubiri barazani.

Njiani kurudi nikamwomba Mardhiya anieleze na mimi. Nilikaa naye nyumba moja miezi minne na siku kumi, namlisha kwa mkono wangu kwa sababu wake ulikuwa umefungwa, na sikuwahi kumuuliza kilitokea nini. Alisimama chini ya ukuta wa duka lililofungwa, akasema:

"Lile gari jeupe lilianza kuja upande wetu taratibu, kama mwenyewe kasinzia. Sufiani akapiga honi. Halikusikia. Kushoto kwetu kulikuwa na meza za mananasi na wale kina mama wamekaa, mmoja ana mtoto mgongoni. Akasema, 'Watu wale!' Basi, hayo tu. Akakata kulia, ambako kulikuwa tupu. Na yule naye ndipo aliposhtuka, akarudi upande wake. Tukakutana huko."

Kwa hiyo ni kweli ulihama upande wako. Vipimo vya barabarani havikukuonea, kijana wa watu aliandika alama za matairi kama alivyozikuta, na lililobaki akaliandika kwa kauli ya mtu mmoja, kwa kuwa wa pili nilimficha mimi. Nililia pale dukani mpaka mwenye duka la pili akatoka na kiti.

Polisi walikwenda Kiwangwa. Waliwakuta wale wanawake wanne palepale, kwenye meza zilezile. Swaumu akaeleza yote. Alipoulizwa kwa nini amekaa kimya muda wote huo akasema, "Tulikwenda msibani kusema. Dada mmoja akatuambia si mahali pake, tukadhani familia haitaki." Trafiki aliponisomea maneno hayo aliuliza kama namjua dada huyo. Nikamwambia namjua.

Mwezi uliopita yule dereva alisimama mbele ya hakimu, na baada ya ushahidi wa Mardhiya na wa Swaumu, akakiri kwamba aliinama kuokota simu iliyomdondoka miguuni. Alisema alipoinua uso aliona kirikuu mbele yake upande wake, na mpaka siku alipomsikia Mardhiya alikuwa akiamini kweli kwamba wewe ndiye uliyemfuata. Sijui kama nimwamini. Hukumu imetolewa, na karatasi yako imeandikwa upya, mwendo kasi haumo. Lulu ameisoma kwa sauti nyumbani, mara mbili, na Abdulrazak akaomba aisome mwenyewe.

Nje ya mahakama baba yake dereva alinifuata. Akaanza kuniomba msamaha. Nikamwambia, "Baba, mwenye kuombwa ni Mardhiya, yule pale. Mimi nimeshasema sana." Akaenda. Waliongea kwa muda, na safari hii sikusogea kusikiliza.

Mardhiya nilimwomba radhi, kwa magoti. Alinisamehe, lakini kwa sharti. Akasema, "Wifi, kumbukumbu ya mwaka utaandika wewe, na utaandika yote, na la trafiki usilifiche. Watu wamesikia la upande mmoja miezi mingi." Nami ndiyo haya nayaandika. Wewe siwezi kukupigia magoti, ndugu yangu. Hilo ndilo linaloniamsha. Kila Ijumaa nakuja kaburini, naondoa majani, nakueleza yaliyotokea wiki nzima, na naondoka bila kujua kama umeniwia radhi.

Unakumbukwa na mkeo Mardhiya, wanao Lulu na Abdulrazak, kaka yetu mkubwa Yunus na familia yake ya Saadani, mama mkwe wako wa Miono aliyekungoja siku ile na chai yake mezani, mzee Rajabu ambaye sasa anasema angepanda, na mimi dada yako, Mwaija.

Juzi Swaumu alinipigia simu. Ameuliza tangazo hili la kumbukumbu yako linatoka lini, yeye na wenzake wanataka majina yao yawemo. Na mimi, kwa tabia yangu hii isiyokufa, nikaanza kumwambia kwamba hapo ni mahali pa ndugu tu. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Dada, tuandike. Bila yeye, sisi ndio tungekuwa tunaandikiwa tangazo letu."

Basi nimewaandika, pamoja na ndugu: Swaumu, Mwajabu, Habiba na Mwanvita, wa meza za mananasi Kiwangwa. Na Sharifu, mtoto wa Swaumu, aliyekuwa mgongoni. Ameanza kutembea.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema, Sufiani. Maadamu tupo, hutasahaulika.