Mwali wa Raketi

Alhamisi, 3 Julai 1975

Assalaam aleikum, daftari langu. Hujambo? Umeamkaje humo kwenye kurasa zako? Mimi mzima, ila goti la kushoto tu – utalizoea. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima ametuambia, mliojifunza kuandika msipoandika mtasahau, kama mtu anavyosahau njia ya shamba aliloliacha. Basi nimekuja kwako. Mimi nitasema, wewe nyamaza.

La leo ni Amne, mtoto wa kaka yangu Mbaruku. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi. Sasa ana miaka kumi na mitano, na mwezi uliopita amevunja ungo. Kwetu Wazigua mwali ni wa shangazi. Mimi ndiye wa kumweka ndani mavuno yakiisha – asilime, asichote maji, asionwe na wanaume, afundwe mpaka siku ya kumtoa. Na mahindi ndiyo haya, tumebakiza vijungu viwili, vipande viwili tu vya shamba. Bibi Fatu, kungwi wetu, kila tukikutana kisimani: Da Mwaija, mwali wangu yuko wapi? Namwambia, yuko mpirani. Anacheka mpaka ndoo inamwagika. Halafu anaacha kucheka, ananitazama.

Kweli yuko mpirani. Tenisi! Mwalimu Semboja, Mshambaa wa Mpale, ujanani aliwaokotea Wazungu mipira kwenye shamba la mkonge kule Korogwe. Serikali ilipomleta kufundisha hapa Misima, wilaya ya Handeni, akaja na raketi mbili kuukuu. Watoto wakasomba udongo wa kichuguu, wakautwanga, wakaumwagilia, wakaushindilia – uwanja huo! Wavu tulisuka sisi kina mama kwa katani. Alimchukua Amne kwa kuwa alikosa mtu wa kumrudishia mpira. Siku hizi mwalimu mwenyewe ndiye anashindwa kuurudisha. Subhanallah.

Jumatatu, 7 Julai – Sabasaba

Korogwe! Nimerudi na vumbi mpaka kwenye kope, na furaha sina pa kuiweka.

Tulipanda lori la kijiji alfajiri, tukiimba njia nzima. Michezo ya tenisi ilikuwa kwenye uwanja wa shamba la mkonge, ule ule wa ujana wa Semboja. Sketi za mchezo huu zinaishia mahali ambapo naona haya kuandika. Amne nimemshonea yake, nyeupe, inapita magoti, na kaptura ndani. Semboja alisema itamzuia. Haikumzuia! Inapepea kama bendera.

Nilikaa karibu na jibaba moja la mjini. Akauliza kwa sauti, huyu wa Handeni, kwao maji ya kunywa yapo kweli? Nikamwambia, ya kunywa kidogo, ya kukuogesha wewe yapo tele. Watu wakaangua kicheko. Amne akamshinda wa kwanza. Akamshinda wa pili. Wa tatu akasalimu amri mapema, kasema mguu unamuuma – mguu gani, mbona aliondoka mbio!

Mimi hesabu yao siielewi. Fatu ndiyo kabisa. Mtoto kapiga mara moja, wanasema kumi na tano! Akasema, hata duka la kijiji halipandishi bei hivi.

Baadaye akatujia mama mmoja wa Dar es Salaam, mnene, mcheshi, Mama Josefina. Yeye ndiye anayechagua wasichana wa timu ya taifa. Akasema anataka kumwona Amne tena Jumamosi, na atamleta Stefania, bingwa wa Tanga, wachezane. Mwenyekiti wetu akarukia: basi waje Misima! Mchezaji wa kijiji cha Ujamaa achezee kwenye kijiji chake! Mama Josefina akakubali. Akifaa, atakwenda kambini Dar wiki sita, kisha Lusaka kushindana na nchi nyingine.

Nikauliza, kambi inaanza lini?

Jumatano ya wiki ijayo, mama.

Daftari langu, furaha yangu ikaingia mchanga. Wiki sita hizo ndizo za ndani. Ndizo hasa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimechoka, lakini ni uchovu wa heri. Baada ya sala ya Ijumaa nimewaita kina mama wote. Nikasema, kesho wageni wanatoka Dar na Tanga, na uwanja umepasuka nyufa kama kisigino cha mwanamume! Hivi mgeni wa harusi utamkaribisha kwenye sakafu ya namna hii? Wakasema, hapana!

Basi tukasiliba. Samadi mbichi ya zizini, udongo, majivu, maji kidogo. Magotini kuanzia upande wa shule mpaka upande wa mbuyuni, wimbo juu ya wimbo, na kila mmoja kachora nusu duara zake kwa vidole, kama kwake sebuleni. Fatu kachora na ua. Ile mistari ya chokaa ilikuwa imechakaa, tukaifunika pia, tukijua mwalimu atachora mipya. Mwalimu mwenyewe hayupo, kenda Korogwe kuwalaki wageni.

Uwanja unang'aa! Sijaona sakafu nzuri kama ile maisha yangu. Nikaipigia vigelegele peke yangu.

Jumamosi, 12 Julai

Haikukauka.

Usiku umande ulimwagika kama mvua, asubuhi jua likakataa kutoka. Landrova ikafika saa tatu. Semboja akashuka, akauona uwanja, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nani amefanya hivi? Tukajibu kwa pamoja, kwa fahari: Sisi!

Maskini mwalimu. Mama Josefina akauliza harufu hii ni ya nini. Mwenyekiti akajibu, usafi, mama.

Sikujua pa kujificha. Nikasema moyoni, Mwaija, umemharibia mtoto kwa mikono yako miwili. Lakini hapo hapo – nitakuficha nini wewe? – kuna kisauti kikasema: na ikiharibika, si utakuwa umepona? Ataingia ndani, na Fatu atatulia. Nikakifukuza. Kikakaa.

Semboja akachora mistari kwa majivu, wakaanza. Stefania binti mrefu, kifua mbele, viatu vyeupe pe. Mpira wa tatu tu, akateleza, akakaa chini, pwaa! Akainuka na ua la Fatu nyuma ya sketi.

Sisi kina mama wote tukakimbilia uwanjani: Pole mwanangu! Pole mama! Huyu anafuta, yule anapuliza, mwingine kashaleta maji. Mwamuzi anapiga filimbi, nani amsikilize? Nikaona Amne amekuja kutoka upande wake, amempa mkono, amemwambia kitu. Wote wawili wakainama, wakavua viatu.

Alimwambia nini? Nimemuuliza jioni. Alimwambia, dada, hapa usitembee kwa kisigino, tembea kwa vidole kama unanyatia kuku.

Hapo ndipo mchezo ulipoanza! Jua nalo likatoka kutazama. Kila mpira ulipoanguka uliacha alama, basi hapakuwa na ubishi, umeingia au umetoka, njoo uone. Amne alishinda seti ya kwanza. Stefania akajifunza kunyatia kuku, akashinda ya pili. Ya tatu ikaenda, ikarudi, ikaenda, watu hata kukohoa wameacha. Kaka yangu Mbaruku, mtu ambaye hasimami hata kwa mkuu wa wilaya, alisimama. Nilisoma aya zote ninazozijua, nikaanza upya.

Amne akashindwa. Kwa nukta mbili tu, ndivyo alivyosema Semboja.

Nikasema alhamdulillah, mambo yamejimaliza yenyewe. Nikamtazama mtoto. Hakulia. Alikuwa anacheka na Stefania, wamejaa samadi mpaka kwenye nyusi, wanaonyeshana nyayo. Ile alhamdulillah ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kumbe hayakumalizika. Mama Josefina alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Stefania akamwendea, nikamsikia kwa masikio yangu: Mama, wa kucheza naye wawili wawili ni huyu. Sitaki mwingine. Mama Josefina akasema hata yeye alikuwa anafikiri hivyo. Halafu akanigeukia: Jumatano asubuhi gari litakuja kumchukua. Mmekubali?

Mbaruku akajibu upesi, mwali ni wa shangazi yake, muulize yeye. Kijiji kizima kikanigeukia.

Nikasema, karibuni kwanza chakula.

Jumapili, 13 Julai

Mbaruku kaja. Nikamwambia, kaka, sema neno. Akasema, dada, kazi yangu ni kununua kuku wa kutolea mwali, hayo mengine utaniamulia wewe. Akanywa uji, akaenda zake.

Fatu kaja. Yeye ana maneno. Akasema, mavuno yakipita mwali hajaingia, ni mpaka mwaka mwingine. Atakuwa mtu mzima wa mwili, mtoto wa akili, kila mtu atamwona na hakuna aliyemfunda. Mimi Lusaka siijui, lakini mwali namjua. Hajakosea. Nilifundwa na yeye.

Semboja kaja, kakaa mlangoni kwa adabu. Akasema, shikamoo mama, mimi mila zenu siziingilii. Ila nimeokota mipira ya watu miaka saba, sijaona mkono kama ule.

Amne hajaniomba kitu. Kafagia, kapika, kanikanda goti. Nikamuuliza, mwenyewe unataka nini? Akasema, utakaloamua, shangazi. Lakini vidole vyake vilikuwa vinazungusha mwiko kama raketi! Bora angelia.

Jumanne, 15 Julai

Nimeswali istikhara, nikamwomba Mungu anionyeshe njia usingizini. Sijaota kitu ila mahindi.

Jumatano, 16 Julai

Gari lilifika mapema! Naandika haraka, chumbani, wao wako nje. Nikueleze uelewe.

Mama Josefina kaingia, kakaa mkekani na sisi, Fatu kaja kabla hajaitwa. Nikasema, mama, kabla sijajibu nina maswali. Hiyo kambi, wanaume wanaingia?

Hawaingii. Lango linafungwa, kuna mama mlinzi mkali.

Wasichana wanakwenda mjini, sinema?

Hata dukani hawaendi.

Wanalima? Wanachota maji?

Wanapikiwa, wanafuliwa. Kazi yao kula, kulala na kufundishwa.

Fatu akajisogeza. Wanafundishwa na nani?

Na kina mama wawili, watu wazima.

Yakiisha hayo wanafanywaje?

Wanavalishwa nguo mpya, akasema Mama Josefina, wanatolewa mbele ya watu, na ngoma inapigwa.

Fatu akanitazama. Nikamtazama. Akapiga kofi pajani: Sasa Mwaija, huyo si anawekwa ndani? Ni kuwekwa ndani huko! Kungwi wa Serikali! Akaangua kicheko, nami nikaangua, Mama Josefina naye akacheka bila kujua anachekea nini. Amne alikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia kishindo – karuka!

Nikadhani yamekwisha. Nikataka kusema bismillah, nendeni. Fatu akanyanyua kidole. Bado. Raketi watamfundisha wao, na utu uzima? Mwali hawekwi ndani bila shangazi yake. Yale mengine niliyokufunda mimi utamfunda wewe huko huko, usiku wakizima taa. Nenda naye.

Mimi! Korogwe ndio mwisho wa dunia yangu! Nikamtazama Mama Josefina aniokoe, aseme nafasi hakuna. Akasema mama aliyepangiwa kuwalinda wasichana bwenini usiku anamuuguza mumewe Morogoro, na yeye Mama Josefina anatafuta mwingine, angependa anayejua kuwaamsha watu alfajiri.

Na mahindi yangu? Fatu akasema, vijungu viwili, tutavuna sisi. Na mbuzi? Mbaruku, kutoka nje: Mbuzi wako watanijua! Na goti je? Amne akajibu nyuma ya mlango, nitalikanda, shangazi.

Nimesema ngojeni, nakwenda chumbani kufikiri. Naogopa, daftari langu. Naogopa bahari, na magari, na watu wasiosalimiana. Mbali na Mama Josefina, sijawasemesha watu wa Dar hata siku moja. Nikikosea je? Nikimwaibisha mtoto mbele ya hao Wazambia?

Nimepiga bismillah nianze kufikiri. Nimeangalia chini, mswala wangu umeshakunjwa, umo ndani ya kikapu, na tasbihi juu yake. Aliyeutia ni nani? Humu niko peke yangu.

Wanapiga honi. Niende, nisiende? Tangu tulipojuana nasema mimi tu. Leo nijibu wewe, tafadhali, na unijibu upesi, maana dereva ameshawasha –