Simu Iliyozimika Kilimani

Karatu Mjini,
21 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Melkizedek,

Pokea marahaba yangu, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia kabla sijakuona vizuri. U hali gani? Kifua cha wifi yangu Winnie kimepoa, au baridi ya Songea bado inamsumbua? Mama amenieleza kwamba Obed ameota meno mawili na anang'ata kila anachokishika. Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, nasali. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nakuandikia kwa kalamu. Nimekupigia mara nyingi nikitaka kukueleza, lakini nikifika katikati naishia kukuuliza habari za mvua.

Niko Karatu tangu Jumatano. Shule imefungwa, nikateremka na basi la Wasso kuja kushughulikia simu. Kule juu ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito, basi likawa linatambaa, na kila liliposimama mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mkoba kutazama kama simu inawaka. Abiria wenzangu walidhani nasubiri ujumbe wa mtu.

Utakumbuka Krismasi nyumbani Machame, uliponipa ile simu yako uliyoitumia mwaka mmoja tu. Nilikukatalia mbele ya watu wote. Nikasema simu si nguo ya sikukuu, na kwamba wewe unabadilisha kila mwaka kwa sababu tangazo limekuambia. Yangu ilikuwa na miaka sita na nilijivunia. Sikukuambia kwamba ilikuwa imeanza kuzimika ghafla hata ikiwa na chaji nusu. Nilikuwa nikiichomeka kidogo inawaka, basi nasahau.

Sasa nikueleze ya tarehe kumi Mei. Ilikuwa Jumamosi. Walimu wenzangu walikuwa wameshuka Wasso, nikabaki peke yangu na watoto wa darasa la saba kwa masomo ya ziada. Kabla ya mchana nilimtuma Nanyokie atoe kuni stoo tupike uji. Ni binti wa miaka kumi na tatu, mpole, hodari wa hesabu kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Nilisikia ukelele mmoja tu. Nilipofika, nyoka aina ya kifutu alikuwa anajivuta kurudi chini ya magogo, na mtoto ameshika mguu juu kidogo ya kifundo.

Nilimlaza. Nikamfunga mguu kwa khanga na ile rula kubwa ya ubaoni asiuchezeshe, nikawaambia wenzake wasimruhusu kusimama. Kisha nikapanda mbio kilima cha nyuma ya shule, maana huko ndiko mtandao unakopatikana. Simu ilionyesha asilimia arobaini na sita. Nikampigia Tobiko, mwenye pikapu pale Samunge. Iliita. Akapokea, akasema haloo. Nami nilipofungua mdomo, kioo kikawa cheusi.

Nilibonyeza. Ikaonyesha ile alama ya kuwaka, ikazima tena. Nilibonyeza nikiwa nalia, Meki. Upepo ulikuwa baridi na nilikuwa namwona yule mtoto kule chini, amelala uwanjani katikati ya wenzake, mdogo kama kitambaa kilichoangushwa.

Upande wa pili wa kilima alikuwapo Olais, jirani yetu, anachunga mbuzi. Ana kitochi, kile kisimu cha vitufe ambacho chaji yake hukaa wiki nzima. Alinipa bila kuuliza. Nikakishika, na hapo ndipo hofu ilipoingia mifupani, kwa sababu sikuwa na namba hata moja kichwani. Si ya Tobiko, si ya mwalimu mkuu, si ya muuguzi. Zote zilikuwa ndani ya simu iliyokufa, na za kwenye kitochi cha Olais zilikuwa za ndugu zake walioko mbali wakichunga mifugo. Namba niliyoijua kwa moyo ilikuwa moja tu, yako, ambayo hujaibadilisha tangu chuo. Nikakumbuka ulipokuja kututembelea Tobiko ndiye aliyekubeba, kwa hiyo ulikuwa na namba yake.

Zile simu tatu ambazo hukuzipokea siku ile kutoka namba ngeni, ni mimi niliyepiga. Sikulaumu. Ninyi mjini mnasumbuliwa na matapeli. Lakini nakuomba, kuanzia leo, namba ngeni ikiita mara tatu, pokea.

Olais aliniachia mbuzi wake akateremka kwa miguu hadi Samunge. Mbuzi niliwaacha hapohapo, nikarudi kwa mtoto. Zilipita karibu saa mbili. Mguu ulivimba hadi gotini, ngozi ikang'aa, akaanza kutapika. Akaniuliza kama atafanya mtihani wa taifa. Nilimjibu kwamba atafanya, na sikujua nilichokuwa nasema. Tobiko alipofika alinieleza kwamba alijaribu kunipigia tena na tena, akaambiwa sipatikani, akadhani ni mtandao wetu wa kawaida, akaendelea na kazi zake. Njia nzima ya kwenda Wasso nilimpakata Nanyokie, kila shimo nikihisi mwili wake unazidi kuwa mzito.

Amepona, tumshukuru Mungu. Alipata dawa, akakaa hospitali wiki nne. Amepoteza vidole viwili vya mguu na sasa anatembea na fimbo. Daktari hakunilaumu. Alisema tu kwamba kwa kifutu kila saa ina maana yake.

Hapa Karatu nilimpelekea simu Aloyce, fundi wangu wa siku zote. Aliifungua, akanionyesha betri ilivyotuna. Akasema, "Mwalimu, hili nilikwambia mwezi wa kwanza." Ni kweli, aliniambia. Aliniambia betri ikichoka ile asilimia inadanganya, na baridi inaizima kabisa. Nami nilimwona ni mfanyabiashara anayetaka kuniuzia.

Tulikaa naye muda mrefu nikimuuliza: basi mtu abadilishe simu baada ya muda gani? Akaniuliza yangu naitumia kwa kazi gani. Nikamjibu. Akasema simu ya kutazamia picha unaweza kuingoja ife, lakini yangu isingojwe. Nimenunua nyingine, si ya kifahari, na nimejiwekea sheria. Betri nitabadilisha kila mwaka wa pili. Simu yenyewe mwaka wa nne, hata kama kioo bado kinang'aa, au mapema zaidi ikizimika mara mbili na chaji ikiwamo. Namba sita nimezikariri kama shairi, na nitazibandika ukutani darasani watoto nao wazijue. Bado naona kubadilisha kila mwaka ni anasa, hilo hujanishinda. Ila mimi nilifanya ubahili wangu kuwa uadilifu, na mguu ulioulipia haukuwa wangu.

Kuna jambo moja bado, na ndilo linalonikosesha raha. Nosim, bibi yake Nanyokie ambaye ndiye anayemlea, alikuja kwangu na kibuyu cha maziwa siku mtoto aliporudi. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Engai, Mungu wetu, alikuweka pale, mwalimu." Anaamini mtandao ndio uliokataa. Kijiji chote kinaamini hivyo. Nami niliyapokea maziwa, nikanyamaza.

Jumanne narudi. Nimeamua nitapita kwa Nosim kabla ya kufika kwangu, nimwambie kwamba simu ilinionya miezi mitano na sikusikia. Naogopa. Naogopa asinitazame tena, na kwamba wazazi wataondoa watoto darasani kwangu. Naogopa zaidi Nanyokie akiwa amekaa pale anasikiliza. Siku ile kilimani nilikuwa na la kufanya, nilikimbia. Kwa Nosim nitaketi kwenye kigoda na kusema, kisha ningoje atakachojibu.

Nisalimie Winnie, mbusu Obed, na ukiongea na mama usimwambie haya, nitamweleza mwenyewe. Shangazi Hosiana naye mpe salamu zangu. Mungu awatangulie mnapotoka na awapokee mnaporudi. Jumanne alasiri, ukikumbuka, nitaje katika sala.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Aikande